Kuwamba Usukani: Kazi ya Mafundi na Habari za Kiswahili Mjini Kigali

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukuta humu habari za tenzi, za sarufi na za istilahi za masomo. Mara hii twaomba ruhusa yao tuwapeleke gereji. Kazi tunayokusudia kuieleza ni ile ya kuvisha usukani wa gari ngozi mpya, iwe ya mnyama au ya bandia, baada ya ile ya kwanza kuchubuka au kupasuka. Ni kazi ya saa chache, yenye zana chache, na mwenye gari akishalipa huisahau upesi. Walakini sisi tunaofundisha Kiswahili mjini Kigali tumeona kwamba kazi hii imebeba habari ambazo vitabu vyetu vya masomo huzipita: jinsi lugha hii ilivyopanda hadi nchi ya vilima, ni akina nani waliokuwa nayo wakati wengine walipoidharau, na kwa nini si haki kuiita lugha ya kupita njia.

Tuanze na neno lenyewe. Usukani ni neno la baharini. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ule ubao wa nyuma ya chombo unaokielekeza majini. Mkono wa kuushikia ubao huo mabaharia wa pwani huuita kana. Sasa yafaa tukumbuke kwamba magari ya kwanza hayakuwa na duara la kushika. Gari alilolisajili Karl Benz mwaka 1886 liliongozwa kwa mpini mfupi, yaani kwa kitu kilicho ndugu yake kana. Katika mashindano ya mwaka 1894 kutoka Paris hadi Rouen, Mfaransa mmoja, Alfred Vacheron, alikuja na gari la Panhard lililotiwa gurudumu la kuelekezea, na baada ya miaka michache karibu kila mtengenezaji akaifuata njia hiyo. Wafaransa wakaliita gurudumu hilo kwa neno lenye asili ya kuruka. Wajerumani wakaliita gurudumu la kuelekeza. Waswahili hawakuliangalia umbo lake bali kazi yake, wakaona ni jambo walilolijua tangu enzi za majahazi. Basi mtu anayesema “usukani” mjini Kigali, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, ana jahazi kinywani mwake bila kujua.

Tena kabla ya usukani, aliyeongoza mnyama alishika hatamu, na hatamu aghalabu ni ngozi. Waliosoma magazeti ya Tanzania ya miaka ya 1970 watakumbuka jinsi chama kilivyosemwa kushika hatamu. Siku hizi viongozi husemwa kushika usukani. Siasa nayo imeshuka mgongoni mwa farasi ikaingia ndani ya gari.

Neno hili lilifikaje huku? Wajerumani walipoitia Rwanda katika koloni lao la Afrika ya Mashariki, waliendesha utawala wao kwa Kiswahili kama walivyofanya Tanga na Tabora. Richard Kandt, daktari aliyefika kwanza kutafuta chanzo cha Mto Nile, aliwekwa kuwa mwakilishi mkazi wa serikali hiyo mwaka 1907, na Kigali ikaanza kuwa kituo chake. Kwa sadfa, mwaka huohuo Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent nchini Ubelgiji aliyekuwa amehamia Marekani, aliomba hataza ya plastiki iliyokuja kuitwa bakelaiti, moja ya vitu vigumu vilivyotumiwa baadaye kufinyangia sukani. Pamoja na watawala wapya walikuja askari, makarani na wachuuzi waliosema Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Msikiti wa Al-Fatah uliojengwa Nyamirambo mwaka 1913 ni ushahidi wao uliosimama.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliwatoa Wajerumani, na hali ya watu hao ikabadilika. Elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, ambazo zilikuwa nchini tangu mwaka 1900 zilipoanza Save, na misheni hazikukipenda Kiswahili kwa kuwa zilikiona kuwa mlango wa Uislamu. Waswahili wakawekwa katika mitaa yao wenyewe, na Biryogo ukajulikana kuwa kambi yao. Mtoto wa Kiislamu aliyeikosa shule alikosa pia kiti cha karani. Alilobakiwa nalo ni biashara ndogo, uashi, ushonaji, udereva na ufundi wa magari. Mwanazuoni José Kagabo ameieleza vizuri habari ya jamii hiyo katika kitabu alichokitoa kwa Kifaransa mwaka 1988, na atakayekisoma ataona jinsi neno Mswahili lilivyopata kuwa tusi katika midomo ya watu: mjanja, mtu asiyeaminika, mtu asiye na kwao.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo. Gari lilikuwa la ofisa, la misheni au la tajiri wa duka. Mikono iliyokuwa juu ya usukani mara nyingi ilikuwa ya hao walionyimwa shule. Sukani za malori ya zama hizo zilikuwa pana na nzito, kwa sababu hapakuwa na mtambo wa kumsaidia dereva kuzizungusha, na nchi hii haina barabara iliyonyoka. Mpira mgumu na plastiki za mwanzo hupasuka zikikaa juani, na ufa wa usukani hukata kiganja. Ndiyo maana popote palipokuwa na malori madereva walizifunga sukani zao kwa kamba, kwa vipande vya mpira au kwa ukanda wa ngozi. Kuvisha usukani kulianza kwa haja, si kwa urembo.

Na barabara zenyewe zilichimbwa kwa kazi ya lazima, huku msimamizi akiwa na kiboko mkononi, ambacho kama jina lake lisemavyo hukatwa katika ngozi ya mnyama huyo. Kinyarwanda kililichukua neno hilo kutoka kwetu likawa ikiboko. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hili katika gazeti la walimu wa Kiswahili: miongoni mwa maneno ambayo lugha yetu iliyaleta katika vilima hivi, lilikuwamo na hilo.

Lakini Wanyarwanda hawakulingoja gari ndipo waijue ngozi. Nchi ya ng'ombe haiwezi kukosa mafundi wa ngozi. Kulikuwa na abakannyi, watu wa kazi ya kulainisha ngozi. Wanawake walivaa inkanda, vazi la ngozi ya ng'ombe. Na ngoma za ufalme, ikiwamo Kalinga iliyokuwa alama ya mamlaka ya Mwami, zilivishwa ngozi kwa ustadi. Kitendo cha kuivuta ngozi mbichi, kuipigia vigingi na kuikaza, Kinyarwanda hukiita kubamba. Kila mtoto aliyewahi kukaa kanisani Ijumaa Kuu nchini Rwanda amelisikia neno hilo, kwa kuwa ndilo linalotumiwa kueleza Kristo alivyofanywa msalabani. Kiswahili nacho kina kuwamba: tunawamba ngoma, tunawamba kitanda kwa kamba. Maneno haya mawili ni neno moja la Kibantu la kale sana, ila Kiswahili kimelainisha sauti ya mwanzo. Basi katika kazi ya fundi wetu neno moja lilipanda kutoka baharini na jingine lilikuwapo hapa tangu kale. Usukani ulikuja, kuwamba kulikuwapo.

Na kweli, kazi hii ni ya kuwamba kuliko ya kushona. Ngozi ya ngoma huvutwa ikiwa imelowa, ikikauka hujikaza yenyewe. Ngozi ya usukani nayo hukatwa iwe ndogo kidogo kuliko kitu inachokifunika, ili fundi alazimike kuivuta. Ikikatwa sawasawa na kipimo, itacheza. Hilo ni jambo ambalo anayejifunza huwa haliamini mpaka alione.

Fundi mzuri huutazama usukani kabla ya kuugusa. Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara, desturi tuliyoachiwa na Wabelgiji, kwa hiyo usukani uko kushoto mwa gari. Mkono wa kulia hushughulika na gia, wa kushoto ndio ubakiao kazini; basi ngozi ya gari lililozeekea Kigali aghalabu huanza kuchakaa upande wa kushoto, juu kidogo. Gari la Kampala au la Dar es Salaam lina habari tofauti: mkono wa kulia ndio uliobaki, na upande huo ndio uliochubuka. Aliyezoea huweza kusoma humo namna gari lilivyoendeshwa, na pengine hata kumjua dereva anayeegemeza kiwiko dirishani.

Kisha usukani hufunguliwa kutoka katika mhimili wake. Wako wanaoushona ukiwa garini, na shingo zao huwalipa. Ngozi kuukuu hutolewa kwa wembe, polepole, wala haitupwi, kwa kuwa ndiyo ramani ya ile mpya. Kama haikuwapo, fundi huuzungushia ukingo karatasi nyembamba ya plastiki na juu yake utepe wa karatasi, akachora mistari ya maungio na mahali mikono ya usukani inapokutana na duara, halafu akaukata utepe na kuutandaza mezani. Kitu cha mviringo sasa kimekuwa vipande bapa, mara nyingi vinne.

Hapa pana hesabu ambayo mwalimu mwenzetu wa hisabati angeifurahia. Usukani wa gari dogo una kipenyo cha kama sentimeta 38, kwa hiyo duara lake la nje lina karibu sentimeta 120. Ukingo ukiwa na unene wa sentimeta 3, duara la ndani halizidi sana sentimeta 100. Ngozi ileile yapasa itanuke nje na ijikusanye ndani, pasipo kunyanzi. Ndiyo sababu ukanda ulionyoka, ukizungushwa tu kama bendeji, haukubali. Ndiyo sababu pia huchaguliwa ngozi nyembamba, ya milimita 1 au zaidi kidogo, laini lakini isiyokatika.

Vipande vikishakatwa huunganishwa kwa cherehani viwe pete moja, na kando zote mbili za pete hupigwa mstari wa mshono. Mstari huo una siri yake. Wakati wa kufunga, sindano haipiti katika ngozi bali chini ya nyuzi za mstari ule, upande huu na upande ule, zikipishana, kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Ngozi haitobolewi tena, kwa hiyo haichaniki. Uzi ni wa nailoni au wa namna hiyo, uliopakwa nta, na urefu wake ni mara nne au tano ya duara la usukani. Ukikatika njiani fundi hana budi kuficha fundo mahali jicho lisipofika. Ngozi hutiwa unyevu au joto kidogo ili ikubali kuvutwa, na penye mikono ya usukani, ambapo mshono hauwezi kuzunguka, hutiwa gundi na kusukumwa ndani ya mfereji kwa kijiti butu. Halafu usukani huachwa ukauke. Wateja hawapendi neno hilo la mwisho, maana kila mmoja wao ana safari ya Huye jioni.

Kuhusu ngozi ya bandia twapaswa kusema kwa haki. Waliotoka nchi zilizotawaliwa na Waingereza huiita reksini, na hilo lilikuwa jina la bidhaa ya kiwanda kilichokuwa Hyde, karibu na Manchester, iliyotengenezwa kwa kukipaka kitambaa dawa ili kifanane na ngozi. Waliozoea Kifaransa husema skai, na hilo nalo ni jina la bidhaa, ya Kijerumani. Nyingi ya hizo siku hizi ni vinaili. Kitu hicho kilikuwa kigumu na cha kuvunjika mpaka Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya Goodrich ya Marekani, alipopata mwaka 1926 njia ya kukilainisha kwa kukichanganya na majimaji mazito. Majimaji hayohayo ndiyo yanayokitoka kidogokidogo kikikaa nyuma ya kioo juani. Ndipo usukani unapoanza kunata mkononi, na baadaye kupasuka. Ngozi ya mnyama hunywa jasho, vinaili haiwezi. Hata hivyo gari la abiria lenye madereva wawili au watatu kwa siku lafaa kuvishwa vinaili, kwa kuwa hufutwa kwa kitambaa kilicholowa na bei yake haimwumizi mtu. Lililo baya ni kumwuzia mtu vinaili kwa bei ya ngozi. Asiyetaka kudanganywa na autazame upande wa ndani: ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi zisizo na mpango, ya bandia ina kitambaa kilichofumwa.

Baya zaidi ya hilo ni zile kava za dukani zinazovishwa kama kofia bila kushonwa. Ikiwa kava haikushika barabara, mikono ya dereva huzunguka na duara hubaki palepale. Mtu anayeteremka Kigali kwa gari hahitaji kuelezwa maana yake.

Kwa miaka mingi Gatsata ulijulikana kuwa mtaa wa magereji na vipuri, karibu na bonde la Nyabugogo ambako mabasi ya mikoani hukutania. Zama za twegerane, yale mabasi madogo ambayo jina lake ni amri ya abiria kusogeleana, usukani uliochakaa ulikuwa jambo la kila siku. Mwaka 2013 usafiri wa mjini ulipangwa upya na mabasi makubwa yakashika njia zake. Lakini kabla ya hapo yalikuwa yamepita makubwa kuliko hayo. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliuacha mji huu na karakana zisizo na wenyewe, na fundi akiondoka, mkono wake huondoka naye. Waliorejea kutoka Uganda, Tanzania, Kongo, Burundi na Kenya walikuja na Kiswahili cha namna nyingi, na wengine walikuwa wamezoea kuendesha upande wa pili wa barabara. Katika gereji moja waweza kusikia mtu akisema usukani, wa pili steringi, wa tatu neno la Kifaransa, na wote watatu wameshika kitu kimoja. Neno steringi lina hatari yake ndogo, kwa kuwa huko Tanzania humaanisha pia shujaa wa sinema, lililotoka katika neno jingine kabisa la Kiingereza. Tumewahi kumsikia kijana akilitumia kwa maana zote mbili katika sentensi moja, na kila mtu akamwelewa.

Magari nayo yamebadilika. Kampuni ya Volkswagen ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari Kigali mwaka 2018, na usukani wa gari la sasa si duara tupu: katikati yake umelala mfuko wa hewa unaofumka wakati wa ajali. Fundi asiyetenganisha betri kwanza na kungoja kidogo anacheza na baruti, na ngozi haipaswi kamwe kushonwa juu ya kifuniko cha mfuko huo. Wanafunzi wa ufundi wanayahitaji maonyo haya katika lugha wanayoielewa.

Hilo latuleta kwenye haja yetu. Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, baada ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, na miaka 10 kabla yake nchi ilikuwa imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu hapo tumesikia mara nyingi, hata katika vikao vya walimu, kwamba Kiswahili ni lugha mpya iliyoletwa na Jumuiya. Kwa wazee wa Biryogo kauli hiyo ni dharau ya pili juu ya ile ya kwanza. Kwanza waliambiwa lugha yao ni ya wahuni na madereva. Sasa waambiwa haikuwapo. Tumewaona wanafunzi ambao baba zao ni mafundi wakija darasani na maneno yao ya gereji, wakayaacha mlangoni kwa kuwa hayamo kitabuni, kisha wakajifunza upya majina ya vitu ambavyo wamevishika tangu utotoni. Mwalimu atakayeandika ubaoni kuwamba na kubamba, moja chini ya jingine, na kumwomba mtoto huyo awaeleze wenzake jinsi baba yake anavyoivuta ngozi, atakuwa amefundisha msamiati, sarufi na historia kwa kipindi kimoja.

Maneno yenyewe yapo, ila yametawanyika. Maharazi, ile sindano nene ya mshona viatu. Shazia, sindano ya kushonea magunia. Kudabaghi, yaani kuitengeneza ngozi kwa dawa isioze. Kupiga bandi, kushikiza kwa mishono mipana kabla ya kushona: yote haya wazee wa pwani waliyajua na kamusi zimeyahifadhi. Kwa ule mshono wa usukani unaopita huku na huku bila kutoboa ngozi, sisi twapendekeza “mshono wa kupishana”, kwa kuwa mafundi wawili tuliowatajia waliuelewa papo hapo bila kuonyeshwa. Walimu wa Rubavu na Rusizi, ambako Kiswahili cha Goma na Bukavu huvuka mpaka kila asubuhi, huenda wanalo neno fupi kuliko hilo. Tunawaomba walilete kabla orodha haijachapwa.